Umempiga picha nyuki Bombus: iNaturalist, Bumble Bee Watch, BeeMachine au mwongozo?

Nyuki wa jenasi ya Bombus, wale wanene wenye manyoya mazito ya njano na meusi, ni rahisi kuwaona na vigumu kuwatambua. Amerika ya Kaskazini, ukiiacha Meksiko, ina spishi zinazokaribia 50, na nyingi kati yake zina rangi zilezile mbili. Mtu anayeishi Minnesota, Ohio au Ontario anaweza kumpiga picha safi kabisa bustanini mwezi Julai, kisha akakwama: hii picha niipeleke wapi nipate jina la kuaminika?

Njia zinazotajwa mara nyingi ni nne: iNaturalist, Bumble Bee Watch, BeeMachine, na kumtambua mwenyewe kwa mwongozo wa spishi. Zote hazina malipo, kwa hiyo bei haitakusaidia kuchagua. Tofauti yake iko kwingine.

Jina sahihi hapa lina uzito. Bombus affinis, nyuki mwenye doa la rangi ya kutu, zamani alienea katika majimbo 28 ya Marekani pamoja na Ontario na Quebec. Kanada ilimwingiza kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2012, na Marekani ikafuata 2017. Ukiwaacha nyuki wa Hawaii waliotangulia 2016, yeye ndiye wa kwanza kulindwa hivyo nchini humo. Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani huchora ramani za maeneo anakodhaniwa kuishi kwa kutegemea rekodi za kuonekana kwake. Kwa hiyo picha ya mtu wa kawaida inaweza kuingia katika uamuzi kuhusu ardhi, ujenzi na matumizi ya dawa za kuua wadudu. Na picha yenye jina lisilo lake nayo inaweza kupotosha uamuzi huohuo.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia zote kwa maswali yaleyale. Nani anathibitisha jina, na anathibitisha vipi? Picha iweje ndipo ifae? Jibu linachukua muda gani? Rekodi inaishia wapi baada ya kuituma? Na wewe mwenyewe unabaki na ujuzi gani? Swali la nne ndilo ambalo wengi hawalifikirii mapema, na kwa maoni yangu ndilo linalopaswa kuamua mengi.

Kabla ya kuchagua: picha yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna huduma inayoweza kuona kitu ambacho kamera haikukiona. Tazama nyuki wanne wa mashariki mwa Marekani. Wote wana njano kifuani na kwenye pingili ya kwanza ya tumbo. Wanaachana kwenye pingili ya pili.

Bombus impatiens, ambaye ndiye wa kawaida kuliko wote, pingili yake ya pili ni nyeusi, na zinazofuata ni nyeusi pia. Bombus bimaculatus ana njano katikati tu ya pingili ya pili, yenye umbo linalokaribia herufi W. Bombus griseocollis ana utepe wa kahawia wenye umbo la hilali, na nyuma ya utepe huo pingili inaendelea kuwa nyeusi. Bombus affinis mfanyakazi ana doa la kutu katikati ya pingili hiyohiyo, lakini doa limezungukwa na njano ubavuni na nyuma. Hawa wawili wa mwisho huchanganywa sana. Swali la kujiuliza ni moja: nyuma ya ile kahawia kuna nyeusi au kuna njano? Kuna jambo jingine linalowanasa watu: malkia wa affinis hana doa la kutu kabisa. Anayemtafuta kwa doa mwanzoni mwa msimu, wakati malkia peke yao ndio wanaoruka, anaweza kumpita hivihivi.

Sasa angalia picha uliyonayo. Mabawa yakiwa yamefungwa yanaifunika pingili ya pili, na ushahidi wote umefichwa chini yake. Ndiyo maana picha moja nzuri haitoshi. Piga mfululizo, nyingi kwa mkupuo, ili angalau moja imnase mabawa yakiwa wazi. Pata mgongo kutoka juu, ubavu, uso, na mguu wa nyuma. Uso unaonyesha rangi ya manyoya ya kichwani na urefu wa shavu, yaani nafasi kati ya jicho na taya. Mguu wa nyuma unaonyesha jinsia: jike mkusanyaji ana kikapu cha chavua, sehemu bapa inayong'aa iliyozungukwa na manyoya marefu. Dume hana, na ana pingili 7 za tumbo badala ya 6, na vipande 13 kwenye papasi badala ya 12. Majike wa spishi zinazovamia viota vya wenzao, kama Bombus citrinus, nao hawana kikapu.

Asubuhi yenye baridi nyuki huenda polepole, na mwishoni mwa kiangazi madume hulala juu ya maua. Hizo ndizo nyakati za kumkaribia bila haraka.

Hakikisha pia kwamba ni Bombus kweli. Nyuki seremala wa mashariki, Xylocopa virginica, ana ukubwa uleule na kifua cha njano, ila tumbo lake ni jeusi, linang'aa na karibu halina manyoya. Aliyekulia Mombasa au Tanga anawajua ndugu zake wanaotoboa maboriti ya nyumba. Kuna nzi nao wanaomwiga Bombus kwa rangi na manyoya: hesabu mabawa, nzi ana mawili tu, papasi zake ni fupi, na macho yake yamejaa karibu kichwa kizima.

iNaturalist

Mradi huu ulianza 2008 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na tangu 2023 ni shirika huru lisilo la faida. Unapokea viumbe wote wa dunia nzima.

Jina linathibitishwa kwa hatua mbili. Kwanza akili mnemba inapendekeza majina baada ya kuisoma picha na kuangalia mahali ulipo. Kisha watu wanaingia: anayejua anaandika jina lake, mwingine anakubali au anapinga. Rekodi hupanda daraja la utafiti pale watu wawili au zaidi wanapokubaliana, na wanaokubali wakizidi theluthi mbili ya waliotoa jina. Uzuri wake ni kwamba ubishi uko wazi. Unaona nani kasema nini, na mara nyingi unaona sababu: "shavu ni fupi mno", "hii njano haifiki ubavuni". Udhaifu wake uko mahali hapohapo. Anayekubali wa pili anaweza kuwa amemfuata tu wa kwanza, na kompyuta ikikosea kwa kujiamini, wawili hao wanaweza kulipitisha kosa lake.

Picha: weka zote za nyuki mmoja katika rekodi moja. Kuchanganya nyuki wawili waliokuwa kwenye ua moja ni kosa la kawaida na linaiharibu rekodi nzima. Ukiwa huna uhakika, andika Bombus tu kisha uwaachie wengine. Muda: spishi ya kawaida karibu na mji mkubwa inaweza kupata jibu upesi, lakini picha yenye utata inaweza kubaki na jina la jenasi kwa miaka.

Rekodi za daraja la utafiti hupelekwa GBIF, hazina ya kimataifa ya takwimu za viumbe, mradi leseni uliyoiwekea rekodi yako, yaani ruhusa ya wengine kuitumia, inaruhusu. Leseni zinazokubalika huko ni CC0, CC BY na CC BY-NC. Ukichagua "haki zote zimehifadhiwa", mtafiti anayetumia GBIF hatakuona. Ikiwa umepiga nyumbani kwako, unaweza kuficha mahali halisi: ramani itaonyesha eneo pana la upande wa kilomita ishirini na kitu, badala ya mlango wako.

Inamfaa mtu anayependa viumbe wengi kwa pamoja, anayesafiri, au anayetaka kujifunza kwa kusoma mabishano ya wanaojua. Katika hizi nne, hii ndiyo pekee itakayomfaa pia msomaji aliye Arusha au Bujumbura. Kusini mwa Sahara hakuna Bombus wa asili, lakini nyuki wengine wa porini ni wengi na rekodi zao zinahitajika.

Bumble Bee Watch

Ilizinduliwa 2014 na Xerces Society, shirika la Marekani la kuhifadhi wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo, pamoja na Wildlife Preservation Canada na washirika wengine. Inapokea Bombus tu, kutoka Marekani na Kanada.

Ukishapakia picha, tovuti inakuongoza kwa michoro ya rangi: chagua kichwa kinachofanana, kisha kifua, kisha tumbo. Orodha ya spishi inapungua kadiri unavyochagua, hadi unabaki na chache za kulinganisha. Jina unalochagua halihesabiki kuwa la mwisho. Mtaalamu wa Bombus ndiye anayeitazama picha na kulithibitisha, kulibadilisha, au kusema haitoshi kufikia spishi.

Hapo ndipo ilipo nguvu yake. Aliyekagua anaijua kazi hiyo, na huduma nzima imejengwa kwa ajili ya kundi moja. Gharama yake ni muda. Wataalamu ni wachache na picha ni nyingi, hivyo unaweza kungoja wiki, hata miezi. Mwenye shauku ya kujua usiku huohuo ataumia. Picha nayo inabanwa zaidi: ukituma ubavu tu wenye ukungu, usitarajie jina.

Rekodi zinaishia kwa watafiti na wahifadhi wanaofuatilia kupungua kwa nyuki hawa. Ndiyo njia inayotumiwa pia na miradi ya atlasi ya Bombus inayoendeshwa na Xerces, kama ile ya Kaskazini Magharibi ya Pasifiki iliyoanza 2018. Huko wanaojitolea hufundishwa kumnasa nyuki kwa wavu, kumweka katika kichupa, kumpoza kwa barafu mpaka atulie, kumpiga picha kila upande, kisha kumwachia akipata joto. Matokeo yake ni picha ambazo huwezi kuzipata mkononi kwa nyuki anayeruka. Lakini tahadhari: affinis analindwa kisheria, na kumkamata bila kibali ni kosa. Katika maeneo yake, usiwe na wavu kama huna ruhusa.

Inamfaa mtu ambaye lengo lake ni uhifadhi wa Bombus hasa, na yuko tayari kusubiri.

BeeMachine

Ni kazi ya Brian Spiesman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Utafiti wao uliochapishwa 2021 ulifundisha kompyuta kwa picha takriban 89,000 za spishi 36 za Bombus wa Amerika ya Kaskazini, na modeli bora zilipata usahihi wa asilimia 91 hivi. Unapakia picha, na papo hapo unapewa orodha ya majina pamoja na uwezekano wa kila moja.

Hakuna mtu anayethibitisha. Kompyuta inapima kufanana tu. Asilimia 91 ni kiwango kikubwa, ila kinamaanisha pia kwamba katika picha 100 kama zile, karibu 9 zingepewa jina lisilo lake. Kwa nyuki wa kawaida si balaa. Kwa nyuki adimu, hizo 9 ndizo tatizo lenyewe, maana kila anayedhani amempata nyuki wa nadra yuko katika hatari ya kuwa miongoni mwake. Kata picha ili nyuki aijaze, maua yasiipoteze kompyuta. Pakia pembe mbili tofauti za nyuki yuleyule: zikipewa majina mawili, hapo unajua pana shaka. Kisha hakikisha mwenyewe kama spishi hiyo inapatikana kwenye eneo lako.

Inamfaa mwenye picha nyingi anayetaka kuzichambua haraka kabla ya kuamua zipi azitume kwa wataalamu. Inamfaa pia mwalimu aliye na wanafunzi wasiotaka kungoja. Ila jina la BeeMachine pekee lisiwe ndilo la mwisho katika ripoti.

Mwongozo na macho yako

Idara ya Misitu ya Marekani na shirika la Pollinator Partnership walitoa miongozo miwili ya bure inayopatikana intaneti, mmoja wa Bombus wa mashariki (2011) na mwingine wa magharibi (2012). Kila spishi ina michoro ya malkia, mfanyakazi na dume, ramani ya eneo lake, na miezi ambayo kila tabaka huruka.

Anayethibitisha ni wewe, na huo ndio ugumu wake wote. Siku za mwanzo utaona affinis kila mahali, kwa sababu macho yakishaambiwa watafute kutu huiona hata kwenye kahawia ya griseocollis. Picha iwe kali ya kutosha kuhesabu pingili. Muda ni wako: nyuki mmoja anaweza kukuchukua jioni nzima, na bado ukabaki na majina mawili. Bombus vagans na Bombus sandersoni, kwa mfano, wanafanana mno hivi kwamba urefu wa shavu ndio unaosaidia, na picha nyingi za shambani haziuonyeshi. Katika hali hiyo, kuandika "mmoja wa hawa wawili" ni jibu kamili la kitaalamu, wala si kushindwa.

Rekodi inaishia kwenye daftari lako, isipokuwa uitume. Lakini ujuzi unaobaki nao hakuna huduma itakayokupa. Baada ya msimu mmoja wa kuhesabu pingili, utamtambua impatiens akiwa bado anaruka, na utajua lini kompyuta imekudanganya. Mimi napendelea kila mtu aanze hapa, hata kwa spishi tatu tu za mtaani kwake, kisha atumie huduma nyingine akijua anatazama nini.

Kwa walioko Uingereza

Bumble Bee Watch haikuhusu, na BeeMachine ilianzia kwenye nyuki wa bara jingine. Uingereza ina spishi 24, na rekodi hutumwa iRecord, tovuti ya huko ya kurekodi viumbe, au iNaturalist. Anayeweza kujitolea kila mwezi kuanzia Machi hadi Oktoba anaweza kujiunga na BeeWalk ya Bumblebee Conservation Trust, ambapo unatembea njia ileile na kuhesabu. Bombus hypnorum, aliyeingia nchini 2001, ni rahisi kwa picha: kifua cha hudhurungi, tumbo jeusi, mkia mweupe. Wafanyakazi wa kundi la lucorum, yaani lucorum, cryptarum na magnus, hawatofautishwi kwa picha kwa uhakika. Hutakiwa kipimo cha DNA. Warekodi kama kundi, na umkatalie kwa upole yeyote anayekubandikia jina moja.

Uamuzi kwa hali yako

Unataka tu kujua ni nyuki gani aliye kwenye maua ya kibarazani, leo: anza na BeeMachine, kisha fungua mwongozo uone kama jina linakubaliana na ramani na mwezi.

Unapanda maua ya asili ili kuwasaidia nyuki wa porini na unataka kujua kama wanaongezeka: Bumble Bee Watch kila msimu, mahali palepale, na uandike jina la ua. Subira ya miezi haitakudhuru, kwa sababu swali lako ni la miaka.

Una watoto au kikundi cha vijana: tumieni Seek, programu ya iNaturalist isiyohitaji kujisajili, halafu mtu mzima mmoja awe na akaunti ya iNaturalist kwa picha zinazostahili kutunzwa.

Unafikiri umempata affinis: usimkamate. Piga picha nyingi za mgongo, ubavu na uso, andika saa, mahali na ua alilokuwa juu yake, mara nyingi huwa Monarda, mmea wa jamii ya mnanaa. Tuma Bumble Bee Watch ili mtaalamu aione. Ukituma pia iNaturalist, andika kwenye maelezo kwamba ni nyuki yuleyule, watafiti wasimhesabu mara mbili.

Una picha za miaka iliyopita: zina thamani kubwa kuliko unavyodhani, hasa za maeneo ambayo spishi fulani haionekani tena. Mtafiti Robbin Thorp alimwona Bombus franklini mara ya mwisho kusini mwa Oregon mwaka 2006, na tangu hapo hakuna rekodi nyingine iliyothibitishwa. Picha ya zamani kutoka ukanda ule ingekuwa jambo kubwa. iNaturalist inapokea picha za mwaka wowote, mradi tarehe na mahali viwe vya kweli. Tumia faili asili kutoka kwenye kamera au simu. Picha iliyopitia WhatsApp hupoteza taarifa za siku na mahali ilipopigwa, na itabidi uziandike mwenyewe kwa kumbukumbu.